Kwa Festo, Kabla Hujakodi Noah

Kibena, Njombe
Novemba

Mwanangu Festo,

Mvua za kwanza zimeshanyesha, kila mwenye jembe yuko shambani, na asubuhi ukungu unalala juu ya mashamba ya chai mpaka jua lipande. Baba yako mdogo wa Uwemba amepona mguu na ameanza kupanda baiskeli tena ingawa tulimkataza. Wanao nawasikia kwenye simu wakigombania nani aongee na bibi kwanza, na mimi sichoki kuwasikia.

Ujumbe wako wa sauti nimeupata. Nimeusikiliza usiku, nikausikiliza tena asubuhi nikiwa nimetulia. Unanijua, mambo mazito siwezi kuyajibu kwa sauti ya dakika moja huku moshi wa jiko unanikohoza, kwa hiyo nimechukua karatasi na kalamu. Mama Lusungu naye asome. Na mama mkwe wako akiona karatasi mezani akatamani kuchungulia, achungulie, sina la kumficha.

Unasema umeshaamua. Siku ya pili ya Krismasi mtoke Makambako saa kumi alfajiri kwa Noah ya kukodi, wewe na mama Lusungu na watoto, pamoja na rafiki zako wawili na wake zao. Mpite hapa Njombe kungali giza, bila hata kushuka kunisalimia. Mpande Makete mkaone maua ya Kitulo, mteremke kwa Isyonje na Tukuyu, mlale Matema, ufukweni mwa ziwa. Kesho yake mchana mgeuze, mfike nyumbani usiku, maana asubuhi inayofuata unafungua duka la spea. Nimehesabu vichwa: ninyi tisa, na dereva wa kumi. Katika hao tisa yumo Lusungu wa miaka saba, yumo Baraka wa miaka minne, na yumo Imani ambaye hata mwaka hajatimiza.

Festo, hata madereva wa malori wanaolala hapo kwenu Makambako hawaendi hivyo. Na wao wana utingo wa kuwasaidia.

Kabla sijaendelea nikupe haki yako. Umewaza kutoka na watoto. Wapo wanaume wengi wa rika lako wanaowajua watoto wao usiku tu, wakiwa wameshalala. Wewe umeona kwamba Lusungu anaingia darasa la tatu na hajawahi kuona kitu zaidi ya njia ya shule na njia ya kanisani, na limekuuma. Hilo nimelipenda. Ninachotaka ni mtoko wenyewe uwafae hao unaotaka kuwatoa.

Na kwa kuwa tumefika hapo, niseme na lile la Jumapili. Nilipokuja kwenu Agosti ulinichukua pamoja na watoto, ukasema twende tukapunge hewa. Tukafika kwenye nyama choma. Meza yenu ilijaa, muziki ulikuwa juu, watoto wakapewa soda na chipsi na simu ya kuchezea. Ilipofika saa mbili usiku Baraka alikuwa amelala juu ya viti viwili vya plastiki, kafunikwa koti lako, na ninyi bado mnaagiza. Sikusema kitu pale, kwa sababu mtu mzima haambiwi mbele ya glasi yake. Leo nasema. Ule ulikuwa mtoko wako, watoto ulikuwa umewabeba tu. Kaa na rafiki zako, ni haki yako, umefanya kazi wiki nzima. Lakini usirudi nyumbani ukasema umewatembeza wanao. Nchi yetu ina Sheria ya Mtoto, ya mwaka 2009, na humo michezo na burudani ya mtoto imeandikwa kuwa ni haki yake. Sidhani walioiandika walikuwa wanafikiria kiti cha plastiki saa mbili usiku.

Babu yako, yaani baba yangu, Mungu amrehemu, hakuwa na gari wala fedha ya soda. Alikuwa na Jumapili, basi. Mimi nilikuwa msichana mdogo Wachina walipokuwa wanajenga Reli ya Uhuru. Kazi ilianza mwaka 1970 kutoka Dar es Salaam, na kipande cha kutoka Mlimba kupanda huku Makambako ndicho kilichowatoa jasho kuliko vyote, maana ni milima na makorongo, daraja baada ya daraja, handaki baada ya handaki. Ilipofika habari kwamba reli imetokeza upande wetu, baba alisema tukitoka ibadani twende tukaione. Tulikwenda kwa miguu: mimi, baba yako akiwa na umri kama wa Baraka sasa, na mdogo wetu mgongoni kwa mama.

Reli yenyewe sikumbuki sana, nimekuja kuiona maisha yangu yote. Ninachokumbuka ni namna baba alivyokuwa akisimama. Baba yako akiona jongoo, msafara mzima unasimama. Akitaka kukojoa, tunasimama. Akikaa chini katikati ya njia akasema miguu imekataa, baba naye anakaa chini, anatoa kisu anachonga kijiti, hasemi "tutachelewa". Hakukuwa na kitu kilichotusubiri tuchelewe. Mama alikuwa na viazi vya kuchemsha na chumvi kwenye kitambaa, tukala njiani kabla hata njaa haijauma. Tulipofika tukaona mataruma yamepangwa, watu wamevaa kofia pana, na Mchina mmoja akamgusa baba yako kichwani, baba yako akalia kilio cha kijiji kizima. Tukarudi nyumbani, basi, safari ikawa imekwisha. Lakini muulize baba yako habari za utoto wake uone anaanzia wapi: anaanza na Mchina yule, na jongoo.

Nimelea wanangu, nimelea wa ndugu zangu, nimefanya kazi wodi ya watoto mpaka nikastaafu, na sijaona mtoto wa miaka minne anayejali kama alipopelekwa ni mbali au karibu. Kwake njia ya hatua mia moja yenye dimbwi, kuku na mjusi ni safari kamili. Umbali ni sifa ya watu wazima, ya kuwasimulia watu wazima wenzao. Mtoto anataka muda, na anataka mtu mkubwa ambaye siku hiyo hana haraka. Wewe mpango wako una vitu vyote isipokuwa hivyo viwili.

Sasa sikiliza. Anzia hapo hapo ulipo. Unaishi mji wenye stesheni ya TAZARA, reli ya kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, na Lusungu, mtoto wa kuzaliwa Makambako, treni anaijua kwa katuni. Ni aibu kidogo, mwanangu. Nenda stesheni siku moja, waulize wafanyakazi treni ya mizigo inapita lini, kisha Jumamosi wachukue hao wawili wakubwa mkasimame mbali na reli, mahali watakapokuelekeza, mhesabu mabehewa. Imani abaki nyumbani na mama yake, wote wawili walale, maana mama naye anahitaji mtoko wa kulala. Mwambie Lusungu shaba inayobebwa na mabehewa yale inatoka wapi na inakwenda kupakiwa meli gani. Kama hujui, mtafute mzee mmoja wa reli, hapo mjini wamejaa, wanangoja tu wa kuwauliza. Kupanda treni ya abiria mkapite kwenye mahandaki ya kuelekea Mlimba ni jambo zuri kupita kiasi, lakini subiri Baraka akue kidogo. Treni ile ina saa zake yenyewe, na kungoja usiku stesheni na mtoto mdogo ni adhabu.

Halafu njooni Njombe. Kilomita kama sitini, lami tupu, kosta zinapishana kutwa. Sisi tuliozaliwa kabla ya lami ile ya miaka ya 1980 tulijua maana ya tope la Njombe, ninyi mnapita mmelala. Shukeni, mje kwangu mnywe chai, Imani anyonye na alale, halafu tutembee taratibu mpaka maporomoko ya Luhuji. Yako mlangoni pa mji, wengi wanayapita ndani ya basi bila kugeuza shingo. Lusungu atauliza maji yanakwenda wapi, namfahamu, kwa hiyo jiandae. Mto ule unashuka kwenda Kilombero, Kilombero inaingia Rufiji, na Rufiji ndiko lilikojengwa bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115, ndipo maji yanamalizikia Bahari ya Hindi. Mwambie kwamba maji anayoyaona miguuni pake yatawasha taa za watu. Uone atakavyosimama kuyatazama.

Ila pale mawe yana utelezi, hasa mvua hizi. Hakuna mtoto kusogea ukingoni bila mkono wa mtu mzima, na mkono wa mtu mzima nina maana mkono mtupu, usio na simu. Anayepiga picha hachungi. Mkitaka picha, mmoja apige, mwingine ashike watoto, kisha mbadilishane.

Hapa najua mama mkwe wako atatikisa kichwa, na nataka nimjibu kwa heshima. Yeye tangu ule wakati hapendi watoto wavuke geti. Simlaumu. Mwanzoni mwa mwaka 2019 hapa Njombe watoto walichukuliwa wakauawa, nchi nzima ikasikia, na serikali yenyewe ikasema ni imani za kishirikina, watu wanaotafuta utajiri kwa damu. Nilikuwa hapa. Tuliwapeleka wajukuu shule tukiwa tumewashika mkono, tukawafuata tukiwa tumewashika mkono, na jioni mitaa ilikuwa kimya saa ambazo watoto walizoea kucheza. Mtu aliyeishi miezi ile haambiwi kwamba woga wake ni wa kijinga.

Lakini, dada yangu, na wewe Festo, mtoto anayefungiwa ndani anakua bila kujua nyumba ya jirani, bila kujua njia, bila kujua amwite nani akiona jambo baya. Huyo ndiye aliye hatarini zaidi siku geti likiachwa wazi. Mtoto atolewe, tena atolewe na mwenye macho. Lusungu ajue kwa kichwa jina lake lote, jina la baba, mtaa, na namba yako ya simu. Mfundishe kama wimbo, wiki moja atakuwa ameishika. Mkiwa kwenye watu wengi wavalisheni sweta za rangi moja inayoonekana mbali. Mkifika mahali, kabla ya kitu kingine chochote, waonyesheni pa kukutana kama mmoja amepotea: mti huu, duka hili. Akitokea anko wa kumwita akamnunulie pipi, hata kama anko huyo anamjua jina, jibu ni kwamba haendi popote bila baba au mama. Na kila mtoto apewe mtu wake kwa kutamkwa: leo Baraka ni wako, Imani ni wangu. Msiseme tutawaangalia wote. Mtoto anayeangaliwa na wote haangaliwi na mtu.

Kitulo sikukatazi. Tena nakuambia uende, lakini iwe safari yake yenyewe. Hifadhi ile ilitangazwa mwaka 2005, na imetengwa hasa kwa ajili ya maua, jambo ambalo wageni wengi wanashangaa kwa sababu wao wamezoea simba na tembo. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu, na ukifika kati ya Desemba na Machi huulizi kwa nini. Okidi peke yake wamehesabu aina zaidi ya arobaini. Hakuna simba wala tembo wa kuwaogopesha, watoto wanatembea kwa miguu yao, wanainama, wanagusa. Ndiyo maana naona ni hifadhi ya watoto kuliko zote tulizo nazo ukanda huu. Kuchuma wasichume. Waelezeni kwamba watu walikuwa wakichimba mizizi ya okidi kwa magunia na kuipeleka Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda, mpaka maua yakaanza kwisha. Mtoto akipewa sababu hutii zaidi kuliko akipewa kofi. Na kama anapenda wanyama, mhadithie Kipunji, kima wa misitu ya jirani na hapo. Wanasayansi walimtangaza kuwa mpya mwaka 2005 huo huo, wakati wawindaji wa Rungwe walikuwa na jina lake siku zote.

Lami sasa inafika Makete, kwa hiyo sioni sababu ya kukimbizana. Nendeni mchana wa Ijumaa moja ya Februari, mlale Makete, Jumamosi asubuhi mpande uwandani, saa nane muanze kurudi. Walio chini ya miaka mitano hawalipi kiingilio, unaona Baraka na Imani hawatakugharimu kitu. Kule juu ni mita 2,600 na zaidi, jua linachoma uso wakati upepo unauma masikio, na mvua haipigi hodi. Kila mtoto awe na nguo za kubadilisha mara mbili, soksi za ziada, kofia ya uzi. Ziweke kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, hazitalowa, na ndoo yenyewe utaona inavyokusaidia mtoto akichafuka tumbo njiani. Chakula bebeni cha nyumbani. Watoto wanaumwa zaidi kwa vya barabarani kuliko kwa baridi.

Jambo moja la usiku, na hili sibembelezi. Mkilala sehemu za baridi, iwe Makete iwe hapa kwangu, asitokee mtu wa kuingiza jiko la mkaa chumbani. Hata kama moto umeshakuwa makaa mekundu yasiyo na moshi. Hewa yake haina harufu, haina rangi, inamlaza mtu usingizi asioamka, na mdogo ndiye anayetangulia. Nimewapokea watu wa namna hiyo alfajiri, wengine tuliwahi, wengine hatukuwahi. Ombeni blanketi la ziada, laleni wote kitanda kimoja, vaeni soksi. Jiko libaki nje.

Matema iwekeni likizo ya Juni. Sisi huku tutakuwa tunatetemeka, kule kuna jua. Lala usiku mbili au tatu, si mmoja. Kutoka Kitulo mpaka ziwani mnashuka zaidi ya mita 2,000, na wewe ulitaka Imani ashuke zote kwa mchana mmoja. Mtoto mchanga masikio yanamuuma kwenye mteremko hana namna ya kusema, analia tu, nanyi mnaona ni deko. Mama amnyonyeshe wakati gari linashuka, kumeza kunayafungua.

Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi kule ni mbu. Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini, baridi yetu mbu hawaipendi. Kwa hiyo mtoto aliyekulia huku juu mwili wake haujazoea kupigana na ugonjwa ule, na mzazi wake hafikirii kupima. Kila Januari wodini tuliwapokea. Familia imekwenda ziwani kula Krismasi, imerudi salama, imefurahi, picha zimesambazwa. Homa inaanza wiki moja au mbili baadaye, wakati watu wameshasahau safari. Mzazi anasema ni mafua ya Njombe, anampa mtoto dawa ya kushusha homa, siku ya tatu analetwa anaweweseka au anatetemeka mwili mzima. Nikiuliza, mlisafiri? Wanatazamana. Basi nakuomba: bebeni chandarua chenu chenye dawa, msitegemee cha nyumba ya wageni, jua likizama watoto wavae mikono mirefu, na kwa mwezi mzima baada ya kurudi, homa yoyote, hata ndogo, mpelekeni siku hiyo hiyo akapimwe, na mwambieni daktari kwamba mlikuwa ziwani. Usipoyasema hayo, huenda hata yeye asiyafikirie.

Ziwa lenyewe liulizeni wavuvi, wanajua mamba wako upande gani, mara nyingi ni midomoni mwa mito. Miezi hiyo upepo wa kusini hupandisha mawimbi mchana, kwa hiyo watoto waoge asubuhi, maji ya magotini, na wewe umo majini pamoja nao, si ufukweni unaongea na simu.

Kuhusu gari nitasema kwa kifupi kwa sababu wewe ni mtu wa magari. Rafiki zako na wake zao waacheni nyumbani, au waje na gari lao. Imani asipakatwe kiti cha mbele, hata na wewe. Dereva mchungulie macho kabla hujamkabidhi watoto, msimu wa ulanzi ndio huo unaingia, na kuna watu wanaamini ulanzi si pombe. Safari ianze kumeshapambazuka. Na hapo mjini, ukienda nao stesheni, usiwapange mshikaki kwenye bodaboda. Nilikuona Agosti, ulifikiri niko ndani.

Basi hivi ndivyo tutakavyofanya Krismasi hii. Noah usikodi. Fedha hiyo iweke, itasaidia Februari. Tarehe 26 pandeni kosta ya saa tatu asubuhi, mtoto amekunywa uji na amekwenda chooni, mtanikuta nawangoja stendi. Tutakula, mchana tutakwenda Luhuji, kesho yake baba mdogo atawapeleka Uwemba wakaone ng'ombe, na Baraka kama atataka kukaa kwenye jongoo nusu saa, tutakaa. Duka lifunge siku mbili, hao wenye malori watapata spea kwingine na watarudi tu. Usiku kama utataka kwenda kuonana na vijana wenzako mjini, nenda kwa amani, watoto watakuwa kwangu.

Mama Lusungu aje na mbeleko ya Imani na sweta za kutosha, blanketi ninazo. Mama mkwe wako naye mwambie namwalika, chumba cha nyuma kipo. Nipigie kabla ya tarehe ishirini nijue mko wangapi, jirani ana majogoo mawili na watu wameshaanza kumwulizia. Upige mchana.

Ni mimi shangazi yako,
Mama wa Kibena